Injini ya pampu inayobeba oili nusu lita: namna ya kuitunza kwa hesabu ya madumu

Masika yakikatika na watu wakirudi bonde la Ruvu kupanda nyanya, bamia na mchicha, simu yangu inaanza kuita kwa maswali yale yale. "Fundi, hii nichanganye oili kwenye petroli?" "Fundi, mwezi wa tatu ilikuwa inawaka kwa kugusa tu, leo kamba imenichubua mkono na haijakohoa hata mara moja." "Fundi, imelia kaka-kaka-kaka halafu kimya." Hilo la mwisho si swali, ni taarifa ya msiba. Nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote.

Ninaizungumzia Honda GX160 na ndugu zake wa kutoka China wenye umbo lile lile, ambao wengi wameandikwa 168F. Ndiyo injini utakayoikuta kwenye pampu nyingi za inchi mbili na inchi tatu, na pia kwenye jenereta ndogo na mashine za kushindilia udongo. Kama yako ni GX200 au 168F-1, hiyo ni kaka yake mwenye cc 196, na karibu kila nitakachosema kinamhusu.

Vipimo vya kuandika kwenye karatasi

Vinakili, uvibandike kwenye mlango wa stoo.

- Ukubwa: cc 163. Silinda ina kipenyo cha milimita 68, pistoni inasafiri milimita 45.
- Nguvu: zamani iliandikwa farasi 5.5, siku hizi Honda wenyewe wanaandika 4.8 kwa mizunguko 3,600 kwa dakika. Hukuibiwa, ni namna ya kupima iliyobadilika.
- Oili: lita 0.58.
- Tangi la petroli: lita 3.1.
- Unywaji wa petroli: kama lita 1.4 kwa saa ikifanya kazi kwa nguvu zote, yaani tangi linakupa saa mbili na ushei.
- Plagi: BPR6ES ya NGK, uwazi wa milimita 0.7 hadi 0.8.
- Uwazi wa valvu, injini ikiwa baridi kabisa: ya kuingiza hewa milimita 0.15, ya kutoa moshi milimita 0.20.

Kopi za China nyingi zinafuata namba hizi, ila kama mashine yako ilikuja na kijitabu, kijitabu ndicho kiongozi.

Sasa tazama tena ile namba ya oili. Lita 0.58, nusu lita na vijiko kadhaa. Injini hii haina pampu ya oili wala chujio la oili. Chini ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti kuu inayozunguka), kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha huku na huku, na hiyo ndiyo lishe yote ya krenki, kamshafti (shafti inayofungua valvu) na pistoni. Konrodi yenyewe ni ya aluminiamu na inazunguka moja kwa moja juu ya krenki, bila beringi katikati. Oili ikipungua kidogo kijiko kinachota hewa, na konrodi ndiyo inayotangulia kufa: inakatika, inatoboa tumbo la injini, na hapo kilichobaki ni chuma chakavu. Karibu kila injini iliyokufa niliyoifungua ilikuwa na oili pungufu, au oili iliyogeuka kuwa lami, au oili iliyojaa vumbi. Za kufa kwa uzee nazikumbuka chache mno.

Saa utazihesabuje bila mita?

Vitabu vinasema badilisha oili kila saa 100. Nani shambani anahesabu saa? Hesabu madumu. Kwa lita 1.4 kwa saa, saa 100 ni lita 140, sawa na madumu saba ya lita 20. Kila ukimaliza dumu, chora mstari mmoja ukutani kwa mkaa. Ratiba inakuwa hivi:

- Injini mpya: oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, yaani kabla dumu la pili halijafika nusu. Hiyo oili inatoka na chembe za chuma za vyuma vinavyozoeana, zinameta kama rangi ya kucha.
- Madumu matatu na nusu: safisha chujio la hewa. Kiangazi chenye vumbi, safisha kila dumu.
- Madumu saba: oili mpya, angalia plagi, safisha kikombe cha uchafu wa petroli.
- Madumu ishirini na moja: plagi mpya, pima valvu, safisha tangi.

Injini isiyoendeshwa kwa nguvu zote inakunywa kidogo, kwa hiyo saa zake ni nyingi kuliko madumu yanavyoonyesha. Ndiyo maana mimi oili naimwaga kwenye dumu la tano, sisubiri la saba. Na hata kama madumu hayajafika, miezi sita ikipita oili ibadilishwe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Spana namba 10 na 14, spana ya plagi ya 21, bisibisi bapa, koleo, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), brashi ya waya laini, beseni au dumu lililokatwa, matambara safi, sabuni ya unga, petroli kidogo kwenye kopo la kuoshea, kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia samaki (usicheke, utauona kazi yake), na lita moja ya oili ya injini ya petroli ya mipigo minne. Kwenye oili, tafuta 10W-30. Kwa joto letu la Pwani SAE 30 nayo ni sawa. Oili ya msumeno wa kukatia miti iache dukani.

Swichi izimwe na kofia ya plagi ichomolewe kabla hujaweka mkono popote. Injini yenye mgandamizo inaweza kujizungusha ghafla ukiwa umeshika kitu.

Kazi yenyewe

1. Ilaze injini sawasawa. Mtu anaiweka pampu kwenye mteremko wa ukingo wa mto kwa sababu maji yako karibu, kisha anashangaa inazima zima. Oili imekimbilia upande mmoja. Honda wanasema isizidi mwinamo wa digrii 20, lakini usisubiri ifike huko. Chimba kidogo, tengeneza kitako, weka ubao. Laza juu ya ubao chupa ya maji iliyojaa nusu; maji yakikimbilia mwisho mmoja, chimba tena.

Injini nyingi zina kinga: oili ikishuka, cheche inakatwa na injini inazima. Kuna vijana wanaokata waya wa kinga hiyo kwa sababu "inasumbua". Huo waya ni mlinzi wako. Tafuta kwanza kwa nini anapiga filimbi.

2. Pima oili kila asubuhi. Injini iwe imelala sawa na imezimwa. Fungua kijiti cha oili, kifute, kichomeke tena bila kukikaza kwa kuzungusha, kisha kitoe usome. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakizungusha mpaka mwisho, kijiti kinazama zaidi, kinaonyesha oili ipo kumbe imepungua. Njia rahisi kuliko zote ni kuchungulia tundu lenyewe. Oili inatakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu, ikiwa tayari kumwagika. Usijaze kupita hapo, maana oili ikizidi inapanda kwenye chujio la hewa na kutoa moshi wa buluu.

Kwa mwenye injini mpya, soma hii mara mbili: injini mpya hutoka kwenye boksi bila oili. Kijana mmoja alinunua pampu asubuhi, akaijaza petroli pale pale dukani, na hakuna aliyemwambia. Saa nane mchana alikuwa kwangu na injini iliyokwama kama jiwe. Pesa ya msimu mzima wa bamia.

3. Petroli iwe petroli. Usichanganye oili. Kanuni ya kukumbuka: injini yenye tundu lake la kumwagia oili chini haitaki kuchanganyiwa, ya msumeno wa miti au ya jenereta zile ndogo kabisa, isiyo na tundu hilo, ndiyo inayochanganyiwa. Ukichanganya kwenye hii, haitakufa leo, lakini plagi itachafuka na moshi utawafukuza mbu wa kijiji kizima.

Chuja petroli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usitumie iliyokaa zaidi ya mwezi, na ile ya chupa za kando ya barabara inunue ukiwa huna njia nyingine, kwani mafuta ya taa yakichanganywa humo injini inawaka kwa shida na inagonga. Ikiwa imetoka kazini moto, ipe dakika tano ipoe kabla ya kujaza. Tangi liko juu kidogo tu ya eksozi.

4. Kuwasha. Pampu ijazwe maji kwanza kupitia kifuniko chake cha juu. Ikizunguka kavu, mpira wa kuzuia maji unaungua kwa dakika chache. Kisha fungua koki ya petroli, funga choki (kibati kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha), sogeza aksileta theluthi, washa swichi. Vuta kamba polepole mpaka uhisi uzito, irudishe, halafu vuta kwa nguvu mara moja. Isindikize kamba irudi, usiiachie ikaruka. Ikishawaka, fungua choki kidogo kidogo. Injini ikiwa bado ya moto, choki haihitajiki kabisa.

Na hili silisemi kwa utani: usiishushe injini ndani ya kisima. Pampu za aina hii zinanyonya maji kutoka kina cha kama mita saba tu, na kisima kikiwa kirefu zaidi watu wanashawishika kuiteremsha kwa kamba ili ikaribie maji. Moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu, inatuama mle ndani, na anayeshuka kuizima harudi. Anayeshuka kumwokoa naye harudi. Kama maji yako mbali hivyo, unahitaji pampu ya aina nyingine.

5. Badilisha oili. Iendeshe injini dakika tano ipate joto, oili iwe nyepesi na itoke na uchafu wake. Izime. Weka beseni chini ya boliti ya kumwagia, fungua kijiti cha juu ili hewa iingie, kisha fungua boliti. Iache itiririke mpaka ibaki tone tone, halafu iinamishe kidogo upande wa tundu. Rudisha boliti pamoja na washa yake, ile pete bapa. Kaza kwa kadiri. Tumbo la injini ni aluminiamu, na nyuzi zikilika utakuja kwangu kutafuta boliti nene zaidi. Mimina oili mpya polepole mpaka ukingo wa tundu. Kwenye chupa ya lita moja utabakiwa na karibu nusu, iandike tarehe uitunze.

Oili chafu usiimwage mtoni. Wengi wetu tunaipaka kwenye nguzo za banda kuzuia mchwa, na fundi yeyote wa jirani ataipokea kwa furaha.

6. Chujio la hewa. Fungua nati ya masikio, toa kifuniko. Ndani kuna vitu viwili: sponji nje na karatasi ndani. Sponji ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikamue bila kuisokota, ianike kivulini ikauke kabisa. Kisha ichovye kwenye oili safi ya injini na uikamue mpaka isidondoshe. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Sponji kavu inapitisha vumbi laini. Ile yenye oili ndiyo inayolinasa. Lakini ukiiacha imelowa chepechepe, injini itatoa moshi na kukosa pumzi.

Chujio la karatasi halioshwi. Ligongegonge polepole juu ya ubao vumbi lidondoke, au lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Likiwa limechanika au limelowa oili, nunua jingine. Na kamwe usiendeshe injini bila chujio "kwa leo tu". Vumbi la shamba likichanganyika na oili linakuwa msasa, na ringi za pistoni zikishalika hakuna oili itakayokaa.

7. Plagi. Safisha kwanza kuizunguka, mchanga usije ukadondokea ndani. Ichomoe uisome. Ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, injini ina afya. Nyeusi na kavu kama masizi: hewa haitoshi au choki imeachwa imefungwa. Nyeusi na yenye mafuta: oili inapanda. Nyeupe kama chokaa: inapata joto kupita kiasi au petroli ni chache.

Isugue kwa brashi, pima uwazi. Kama huna fila geji, kipande cha wembe wa msumeno wa chuma kina unene wa kama milimita 0.65, kikipita kikiwa na nafasi kidogo tu, uko karibu kabisa. Plagi irudishwe kwa vidole mpaka iguse, ndipo utumie spana: mpya nusu mzunguko, ya zamani robo tu. Ukianza na spana moja kwa moja, utaipandisha nyuzi kombo, na silinda hedi si bei ya mchicha.

8. Kikombe cha uchafu na kabureta. Funga koki. Chini ya koki kuna kikombe kidogo; kifungue kwa spana 10, mwaga maji na matope, kioshe, rudisha na mpira wake. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Ikiwa injini ilikaa muda mrefu na petroli ndani, itakubidi ufungue bakuli la kabureta, boliti moja chini yake, spana 10. Petroli iliyokauka inaacha gundi ya rangi ya asali yenye harufu ya rangi ya mbao. Katikati ya kabureta kuna jeti kuu, kishaba chenye tundu dogo. Itoe kwa bisibisi inayokaa vizuri, iinue uelekeze kwenye mwanga. Usipoona mwanga, pitisha ule mshipi wa samaki ndani yake, ioshe kwa petroli, puliza. Usitumie waya wala sindano. Shaba ni laini, tundu likipanuka hata kidogo injini itakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Floti, kile kielea cha ndani ya bakuli, iangalie kama imetoboka: itikise sikioni, ukisikia petroli ndani imekufa.

9. Valvu. Kazi hii inaogopwa bure. Injini ilale usiku kucha ipoe. Toa plagi, fungua boliti nne za kifuniko cha valvu. Vuta kamba polepole ukitazama valvu zikipanda na kushuka. Subiri ile ya kuingiza hewa, upande wa kabureta, ifunguke na kufunga. Kuanzia hapo endelea taratibu huku umechomeka mrija wa plastiki wa soda kwenye tundu la plagi. Mrija ukifika juu kabisa na kutaka kuanza kushuka, simama.

Kuna mtego hapa. Kamshafti ya injini hii ina kifaa kinachoinua valvu ya moshi kidogo tu wakati pistoni inapanda, ili kamba iwe nyepesi kuvuta. Ukipima kabla pistoni haijafika juu kabisa, utaona valvu ya moshi imebana, utailegeza, na utakuwa umeharibu kilichokuwa kizima. Ukiwa na shaka, zungusha mara mbili upime upya.

Pitisha fila geji kati ya roka, mkono unaosukuma valvu, na ncha ya valvu. Ipite kwa kusuguana kidogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu. Kama si hivyo, shika nati kubwa kwa spana 14, legeza ya juu kwa spana 10, rekebisha, kaza ya juu bila kuiachia ile kubwa, kisha pima tena, kwani kukaza huwa kunasogeza.

10. Kuilaza msimu ukiisha. Hili ndilo lile swali la mwezi wa tatu. Mwaga petroli yote ya tangi, legeza skrubu ya chini ya kabureta ili petroli ya bakuli nayo itoke. Badilisha oili. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi ndani ya silinda, vuta kamba mara mbili tatu, rudisha plagi. Mwisho vuta polepole mpaka uhisi uzito, uiache hapo hapo. Valvu zote zimefunga na unyevu wa masika hauingii.

Ukiisafirisha, funga koki. Najua inapanda bodaboda kama abiria, lakini isilale ubavu. Ikilazimika kuinama, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu.

Ikigoma

*Haiwaki kabisa.* Fuata mpangilio huu, usirukeruke. Swichi na koki zimefunguliwa? Oili imefika ukingo? Kama kinga imekata cheche, utavuta kamba mpaka jioni. Halafu toa plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki: rudi hatua ya 8. Ikiwa imelowa, petroli imezidi: funga koki, fungua choki, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, ifute, jaribu tena. Kupima cheche, ichomeke plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu, maana ule mvuke wa petroli unaotoka tunduni unawaka. Plagi mpya isipotoa cheche, chomoa waya wa swichi kwenye koili, kifaa kinachotengeneza cheche, ujaribu tena. Swichi mbovu zimewauzia watu koili nyingi zisizo na kosa.

*Inawaka, inafanya kazi dakika kumi, inazima, ukisubiri inawaka tena.* Legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea bila kuzima, tundu la hewa la kifuniko limeziba kwa vumbi. Ni ugonjwa wa kijinga na umekula siku za watu wengi.

*Inapanda na kushuka, vuuu-nyau, vuuu-nyau.* Jeti ndogo ya mzunguko wa chini, nayo iko kwenye kabureta, imeziba, au hewa inavuja kwenye gasketi ya kabureta. Usikimbilie gavana, kifaa kinachozuia injini isizunguke kupita kiasi. Wapo wanaofunga waya au mpira kwenye gavana ili pampu "itupe maji mbali". Inatupa kweli, wiki mbili, kisha konrodi inatoka kupitia ubavuni.

*Moshi wa buluu.* Oili imezidi, au ililazwa ubavu. Iache iwake dakika chache. Ukiendelea siku ya pili na oili inapungua, ringi zimekwisha.

*Moshi mweusi.* Choki au chujio la hewa.

*Haina nguvu, lakini inawaka vizuri.* Chujio kwanza, valvu baadaye. Kabla ya yote angalia kichujio cha mwisho wa mpira wa kunyonya. Majani yakiziba huko mtoni, injini inaonewa.

*Kamba haivutiki.* Toa plagi, vuta tena. Ikivutika na kutema petroli au oili, ilikuwa imelala vibaya. Ifute na uendelee. Isipovutika hata bila plagi, ifungue pampu uangalie kama jiwe limebana mapanga. Na kama mapanga yako huru, chomoa kijiti cha oili. Kikitoka kikavu, niletee, ila njoo na bei ya injini mpya kichwani.